Ukisikia Jina la Nyumbani, Kimbia

Jumamosi, 24 Agosti

Gulio letu la maonyesho limefunguliwa kwa msimu huu. Vazi langu limepungua kiunoni likiwa kabatini, bila mtu kuligusa. Hivyo ndivyo ninavyosema mimi. Twyla, aliyenifunga kamba za mgongoni huku amenikita goti, anasema vingine.

"Vuta pumzi, Mbigili. Vuta tena. Mama wee, jibini lote la Wisconsin ulilimaliza peke yako?"

Huku ndani Twyla anaitwa Chiriku, na sijaona jina lililompata mwenyewe kama hilo. Mimi ni Bibi Mbigili. Mume wangu Orrin ni Bwana Shayiri. Ukishavuka lile lango la mbao uko Uingereza ya miaka mia tano iliyopita. Kuna Malkia, ambaye siku za kazi yuko dirishani benki. Kuna mashujaa wa farasi, kuna miguu ya bata mzinga ya kuchoma, na hakuna anayeruhusiwa kuwa mtu wa leo mpaka jioni.

Asubuhi Hedda, meneja wetu, alipanda juu ya kreti akawapa waigizaji wapya ile sheria moja. "Jina la nyumbani halitajwi humu. Si kwa utani, si kwa hasira. Ukilisikia, ujue kuna hatari ya kweli. Tupa ulichoshika, kimbia kusaidia." Sisi wakongwe tunakumbuka ilikotoka. Muuza mishumaa alianguka njiani akishika kifua, mkewe akapiga mayowe, na watu wakawapigia makofi wakidhani ni mchezo. Alipona kwa bahati tu.

Mgeni katika kundi letu la waimbaji ni Perrin Roos, mwalimu wa kwaya. Amechukua sauti ya tatu baada ya mwenzetu Gordy kuhamia Arizona na magoti yake mabovu. Bado hana jina la Gulio. Hapa hujipi mwenyewe, unapewa. Ana kijichuma cha kupimia sauti, anakigonga kwenye goti kabla ya kila wimbo, ting, halafu anatuangalia kana kwamba tunadaiwa. Simpendi.

Orrin aliimba vizuri. Naandika ili nikumbuke kwamba aliimba vizuri.

Jumapili, 25 Agosti

Joto la kuivisha mahindi. Hakukosea hata neno.

Jumatano, 28 Agosti

Leo tulikwenda kwa daktari. Daktari ni msichana mpole, akamwuliza, "Na huyu mama uliyekuja naye ni nani?"

Orrin akanigeukia akatabasamu, lile tabasamu lake la jukwaani. "Huyu? Huyu ni Bibi Mbigili."

Daktari akaandika. Nikamweleza kwamba si kosa sana, ni jina langu la Gulio, nimelivaa miaka yote hiyo. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, nikatamani angenibishia.

Tangu Julai hajaniita Arlys. Anakumbuka bei ya pikapu yake ya kwanza, anakumbuka nyimbo zote, besi yake inatoka mahali palepale chini ya mbavu. Jina langu tu ndilo limemtoka. Nyumbani ninapopika, Mbigili. Nikimsaidia vifungo, asante Mbigili. Nilipofika kwenye gari nilicheka, halafu nikalia, naye akanipapasa mkono akisema, "Watazamaji walikuwa wachache, lakini tumeimba vizuri."

Nilimwahidi wakati wa theluji, siku alipokuwa bado anaelewa ninachoahidi, kwamba msimu huu ataumaliza. Alisema, "Nifikishe langoni, siku ya mwisho, nimeimba. Baada ya hapo nipeleke unakotaka." Hilo tu ndilo aliloniomba.

Jumapili, 1 Septemba

Tuliimba "Mume Kapotea Sokoni" mara nne, na kila mara benchi zilijaa. Ni wimbo wetu wa chakula, kofia ya kukusanyia pesa haijai bila huo. Mimi nasimama jukwaani pale kisimani na kikapu, nalia kwamba mume wangu amenipotea. Orrin anajichanganya na watu, anajificha. Mimi naimba:

Nani kamwona Shayiri wangu,
kofia ya manyoya, tumbo la mkate?

Na yeye anaitikia kutoka huko aliko, kwa besi ya kutikisa vikombe: Nipo, mke, nipo! Ubeti wa kwanza yuko nyuma ya pipa. Wa pili, juu ya mti wa muuza mishumaa (siku hizi chini yake). Wa tatu, amekaa mapajani pa mama wa watu mstari wa mbele. Wa mwisho nampata, nampiga kwa kikapu, watu wanapiga hoyee mpaka farasi wanashtuka.

Perrin hapendi wimbo huo. "Sauti yake inashuka katika ubeti wa tatu," alisema tukila.

"Kwa sababu amekaliwa na mama wa kilo mia," nikamjibu.

"Ni yeye aliyemkalia, Mbigili," akasema Chiriku.

Orrin alicheka mpaka akapaliwa. Perrin hakucheka.

Jumatatu, 2 Septemba

Sikukuu. Umati. Miguu inawaka.

Jumamosi, 7 Septemba

Mvua ya kwanza. Wanatandaza majani makavu njiani, nayo yanamezwa na tope. Ubeti wa pili Orrin aliitikia akiwa hayupo pale mtini. Alikuwa kwenye kibanda cha mikate ya nyama, karibu na karo la nyuma. Nilimwuliza alikwenda kufanya nini kule. Akasema, "Kuangalia kama umemaliza vyombo."

Miaka thelathini na tano iliyopita nilikuwa naosha vyombo kwenye kibanda kile. Hivyo ndivyo nilivyofika Gulio, sikuja kuimba. Kijana mmoja mwenye besi alikuwa akipita kila jioni na sufuria ambayo haikuwa yake, ili tu nimwoshee. Msimu mzima alinijua kwa jina la Mbigili, maana nilimjibu vibaya kila aliponisemesha. Siku ya mwisho ya msimu alinisubiri uwanjani, nje ya lango, ameegemea pikapu ya kijani. Akavua kofia. "Hapa tuko nje," akasema. "Hapa inaruhusiwa. Naomba jina lako la nyumbani." Nilipomwambia alilitamka polepole, mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. Sijasikia tena mtu akilitamka vile.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua. Watazamaji kumi na mbwa.

Jumatano, 11 Septemba

Mazoezi jikoni kwetu. Perrin alinisubiri nibaki peke yangu kwenye sinki.

"Arlys," akasema, "nje ya lango naruhusiwa, si ndiyo? Nisikilize. Orrin ni mgonjwa."

"Najua mume wangu ana nini."

"Basi unajua hapaswi kuachwa atembee peke yake kwenye umati. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani, besi nzuri. Anaweza kuanza Jumamosi."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Nilimwambia kwamba Orrin alikuwa akiimba kisimani pale yeye Perrin akiwa bado anafundishwa kupenga kamasi, na kwamba kama ni kumpumzisha mtu, tuanze na mwenye kijichuma. Alikunja kitambaa cha kufutia vyombo vizuri, akakitundika, akaondoka. Twyla aliyasikia yote kutoka sebuleni. Alikuja akachukua kitambaa kilekile, akaanza kunikaushia sufuria.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua imekaza kamba. Uwanja wa magari ni ziwa, trekta ndiyo inayovuta watu. Orrin alisahau kuitikia ubeti wa pili, nikauimba tena, akaitikia. Watu walicheka. Perrin aliniangalia. Nikaangalia pembeni.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika usiku huuhuu; nikiacha mpaka kesho nitaanza kujidanganya.

Onyesho la tatu. Mvua nyembamba, watu wamejaa chini ya turubai. Nikaanza: Nani kamwona Shayiri wangu. Kutoka nyuma ya pipa, besi ile: Nipo, mke, nipo! Vizuri. Ubeti wa pili akaitikia, ila kwa mbali. Ubeti wa tatu nikaita. Kimya.

Nikaita tena. Watu wakaanza kucheka. Nikaita mara ya tatu, na mzee mmoja akapaza sauti, "Kaenda kunywa, mama!" Watu wakavunjika mbavu. Nikashuka jukwaani na kikapu changu. Hapakuwa na mtu nyuma ya pipa. Hapakuwa na mtu mtini. Nikamwuliza muuza mishumaa, "Umemwona Shayiri?" Akaniinamia kwa madaha, akanijibu kwa sauti ya mchezo, "La, bibi, labda kapata mke mwenye kikapu chepesi!" Kila mtu alinijibu hivyo. Bibi wa mikate ya nyama alinipungia kijiko. Askari wa langoni, mwenye redio ndani ya koti lake, alinipigia saluti akaniambia nimpige sana nikimpata.

Nililia. Nililia machozi ya kweli katikati ya njia, na watu wakanipigia makofi, maana kwa miaka yote hiyo wamenisikia nikilia maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo. Kijana mmoja aliweka dola ndani ya kikapu changu.

Najua sheria kuliko Hedda. Nilikuwepo ilipotungwa. Na bado nilizunguka nikiita Shayiri, Shayiri, kwa sababu nilijua nikilitaja jina lake la kweli, wote watajua. Msimu wake utakuwa umeishia hapo. Nilikuwa nampoteza mume na bado nalinda onyesho.

Nilipozidiwa nilirudi jukwaani, pale kisimani, nikapiga ukelele.

"Orrin! Orrin Aasen!"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Gulio lote lilinyamaza, hata filimbi. Halafu nikasikia vitu vinaanguka, sufuria, ngoma, trei ya vikombe. Bibi wa mikate alitoka na unga hadi viwikoni. Malkia akakunja gauni lake lote mpaka magotini, viatu vya mpira vikaonekana, akatimua mbio akipiga kelele, "Arlys, alivaa nini? Rangi gani?" Shujaa mmoja alishuka farasi akiwa na nusu ya vazi lake la chuma mwilini. Wageni waliolipa kiingilio walibaki wameduwaa na miguu yao ya bata mzinga.

Twyla alinishika mkono. "Alishawahi kwenda wapi? Fikiri, Arlys. Fikiri, dada'ngu." Hapo ndipo nikakumbuka karo. Na baada ya karo, nikakumbuka uwanja.

Tulimkuta kule nje, kwenye tope la uwanja wa magari, ameegemea pikapu ya kijani ya mtu asiyemjua. Amevua kofia, mvua inampiga kichwani. Na hakuwa peke yake. Perrin alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa ameruka uzio na kuangukia mtaro, tope tangu nywele hadi soksi, kiatu kimoja hana. Joho lake amelitandaza juu ya kichwa cha Orrin kwa mikono miwili, na alikuwa akiimba. Sauti ya tatu tu, peke yake, huku meno yanagongana. Orrin alikuwa akimwekea besi chini yake.

"Nilitaka kumrudisha, akakataa," Perrin akaniambia. "Anasema anamsubiri mtu. Nikaona basi tumsubiri wote."

Orrin alinitazama kwa adabu. "Bibi Mbigili," akasema, "umemaliza vyombo?"

"Nimemaliza."

"Kuna jambo nilitaka kukuuliza, hapa nje." Akaizungusha kofia mikononi, mvua inamtiririka kwenye ndevu. "Limenitoka."

Nilimvisha kofia yake nikamwingiza garini.

Jumatatu, 23 Septemba

Homa kidogo. Supu. Amelala.

Jumanne, 24 Septemba

Hedda alipiga simu. Alilia kidogo, halafu akasema kwamba Orrin hawezi kuruhusiwa tena kutembea kwenye umati. Sikuwa na la kubisha. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi na kofia yake ya manyoya, nikaona nimeivunja ahadi yangu zikiwa zimebaki wikendi mbili.

Jumatano, 25 Septemba

Perrin alikuja na kiatu kipya na uso mwekundu. Nilidhani amekuja na ile besi yake nzuri. Nikajiandaa kumshukuru kwa heshima na kumfungia mlango.

"Hedda amesema asitembee," akasema. "Hakusema asiimbe. Yeye asimame jukwaani, katikati yangu na Twyla. Wewe ndiye ujifiche."

"Wimbo ni wa mke anayetafuta mume."

"Nimeugeuza jana. Nimeshusha nusu sauti, ubeti wa tatu usimchoshe." Akanipa karatasi. Alikuwa ameandika kwa penseli, amefuta, ameandika tena. Kijichuma chake hakukigonga hata mara moja. Tuliimba mpaka chai ikapoa, na Orrin aliyashika maneno mapya kana kwamba yalikuwa yake tangu zamani: Nani kamwona Mbigili wangu, ulimi wa pilipili, mikono ya sabuni?

"Mikono ya sabuni umeitoa wapi?" nikamwuliza Perrin.

"Aliniambia yeye. Kule kwenye mvua alinihadithia yote."

Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya sinki. Akasema, "La kamasi lilikuwa kali." Twyla akasema, "Lakini lilikuwa zuri."

Jumamosi, 28 Septemba

Hedda ametukubalia. Jua hafifu, baridi. Wakati wa mkutano wa asubuhi Malkia alimpigisha Perrin magoti kwenye tope, akamgusa mabega kwa upanga wa mbao na kumpa jina: Bwana Tope. Gulio zima lilipiga hoyee. Alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Jukwaani alimshika Orrin kiwiko tangu mwanzo hadi mwisho, watazamaji wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Jumapili, 29 Septemba

Vizuri. Alichoka saa tisa, tukamlaza nyuma ya jukwaa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Umande umeganda kwenye nyasi. Juisi ya tufaha ya moto imeishinda bia. Miti yote imegeuka rangi, na kila mtu anamwambia mwenzake kwaheri mapema ili kesho asilie. Kesho watalia tu.

Jumapili, 6 Oktoba

Onyesho la mwisho kabla ya kuagana na watu langoni. Upepo, na jua la kupendeza. Benchi zimejaa, nyuma wamesimama.

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa na kikapu changu. Orrin akaimba ubeti wa kwanza, nikaitikia, Nipo, mume, nipo! Watu wakacheka. Wa pili niliitikia chini ya mti wa mishumaa. Ubeti wa tatu nilitakiwa niende mstari wa mbele, nikamkalie bwana mmoja wa watu. Sijui nini kilinipitia. Miguu ilinipeleka kwenye kibanda cha mikate ya nyama, nikasimama karibu na karo langu la zamani. Maji yalikuwa yanatoa mvuke vilevile. Nikasikia besi yake ikinijia juu ya paa za mbao, Nani kamwona Mbigili wangu, nami nikafungua kinywa kuitikia. Nilikuwa nalia. Sauti haikutoka.

Akaimba tena. Mimi bado sina sauti.

Kisha kimya. Nikamwona kwa mbali, juu ya jukwaa, amekitoa kiwiko chake mkononi mwa Perrin. Anaangaza macho huku na huku. Hakuwa anaigiza, ule uso naujua.

"Arlys!"

Alilitamka polepole. Halafu tena, kwa besi yote.

"Arlys!"

Na Gulio likafanya kile linachofanya. Sufuria zikaanguka. Bibi wa mikate alinipita mbio akielekea jukwaani, hata hakuniona. Malkia akakunja gauni. Mashujaa wakashuka farasi, askari wa lango akaja na redio yake nje ya koti, Hedda akaja anapepesuka na sanduku la huduma ya kwanza. Walikuwa wengi mpaka nikashindwa kupenya.

"Nini? Nani ameumia?" Hedda alikuwa anahema. "Kuna hatari gani?"

Orrin aliwatazama wote, wapishi na mashujaa na Malkia mwenye viatu vya mpira, kama mwenyeji aliyefikiwa na wageni wengi kuliko viti.

"Nilikuwa simwoni," akasema.

Hakuna aliyecheka. Perrin aligeuka akatazama kisima. Twyla akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Wakanifungulia njia, nikapanda jukwaani na uso wangu uliolowa, nikamwambia, "Nipo, mume. Nipo." Akakichukua kikapu mkononi mwangu akanipiga nacho begani, taratibu, maana ndivyo wimbo unavyoisha. Hapo ndipo hoyee ikapigwa.

Jioni tulisimama langoni na wengine wote, tukawaimbia watu watoke. Aliimba mpaka mtu wa mwisho, na askari akafunga lango.

Njiani, kwenye mashamba ya mahindi, aliniita Mbigili. Nikaitika.